HEWA YA NYUMBA YA MSAADA NAYO IPIMWE

Mtu aliyebomokewa na nyumba yake hachagui. Akipewa turubai atalipokea, akipewa hema atashukuru, na akipewa ufunguo wa chumba chenye kitanda na taa atalia kwa furaha mbele ya watu. Ni haki yake kufurahi, na aliyempa anastahili shukrani. Lakini wiki hii twataka kusema neno ambalo siku ya kukabidhi misaada halisemwi. Mgeni rasmi akisha kuondoka na picha zikisha kupigwa, usiku huingia, mlango hufungwa, na mtoto hulala ndani. Je, anavuta hewa gani mpaka asubuhi?

Wako watakaosema kwamba hilo ni swali la watu walioshiba, na kwamba mwenye kulala nje hana nafasi ya kuuliza habari za hewa. Sisi twasema kwamba yeye ndiye hasa wa kuulizwa, kwa maana hana pengine pa kwenda. Na asije mtu akadhani kwamba twabuni hofu. Twataka kwanza kueleza habari iliyotokea katika nchi yenye mali nyingi kuliko nchi zote duniani, kisha tutarudi nyumbani kwetu.

Tarehe 29 Agosti, 2005, tufani iliyoitwa Katrina ilipiga pwani ya kusini ya Marekani. Kuta za kuzuia maji katika mji wa New Orleans zilibomoka, na karibu sehemu nne katika tano za mji zikazama. Mwezi uliofuata ikaja tufani nyingine, Rita. Wakati ule watu wawili katika kila watatu wa New Orleans walikuwa weusi, wajukuu wa Waafrika waliovushwa bahari kwa minyororo. Wengi wao hawakuwa na motokaa ya kukimbilia, na ndio ambao dunia nzima iliwaona juu ya mapaa wakingoja kuokolewa.

Idara ya maafa ya serikali kuu ya Marekani, iitwayo FEMA, ilinunua matrela na nyumba za kukokotwa zipatazo 145,000 ili watu wapate pa kulala. Kwa jambo hili hakuna wa kuilaumu, maana watu walikuwa wamejazana katika viwanja vya michezo na makanisa. Lakini mengi ya matrela yale yalikuwa ya namna ambayo Mmarekani mwenye nafasi huyakokota nyuma ya motokaa yake wakati wa likizo, akalala humo siku chache akarudi kwake. Upana wake ni futi 8, na urefu wake futi 30 hivi. Humo wakawekwa baba, mama, watoto na bibi yao, wakae kwa muda. Na muda ule ukawa mwaka, ukawa miwili, na kwa wengine mitatu.

Kuta, makabati na vitanda vya matrela hayo vilitengenezwa kwa plaiwudi na mbao za kugandamizwa, yaani vipande na unga wa mbao ulioshikizwa kwa gundi. Katika gundi hiyo mna dawa iitwayo fomaldehidi. Wasomaji wetu wanaijua kwa jina jingine, kwa sababu ikichanganywa na maji ndiyo fomalini, dawa ya kuhifadhia maiti. Dawa hii hutoka ndani ya mbao kidogo kidogo kama mvuke usioonekana. Hutoka kwa wingi zaidi mbao zikiwa mpya, joto likiwa kali, na hewa ikiwa na unyevu. Na Louisiana na Mississippi wakati wa kiangazi ni nchi za joto na unyevu kama pwani yetu. Basi fikiri, ndugu msomaji, chumba kidogo, mbao mpya pande zote, jua kali juu ya paa, na madirisha yamefungwa kwa hofu ya wezi na mbu.

Fomaldehidi huwasha macho, hukereketa koo, huleta kikohozi, na mwenye pumu humzidishia. Mwaka 2004, yaani mwaka mmoja kabla ya tufani ile, wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walikwisha kuamua kwamba ni miongoni mwa vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu. Kwa mtoto mambo huwa mabaya zaidi. Mtoto mdogo, kwa kadiri ya uzito wake, huvuta hewa nyingi kuliko mtu mzima. Njia zake za pumzi ni nyembamba, hata uvimbe mdogo huziba. Mapafu yake yangali yanakua. Na yeye ndiye anayeshinda na kulala ndani, wakati baba amekwenda kutafuta kazi.

Mwaka 2006 malalamiko yakaanza kusikika. Daktari wa watoto katika mji wa Bay St. Louis, Mississippi, Dk. Scott Needle, aliona kwamba watoto wa kwenye matrela walikuwa wakirudi kwake tena na tena kwa mafua, kikohozi na maumivu ya masikio yasiyokwisha. Chama cha kutetea mazingira kiitwacho Sierra Club kikachukua vipimo, kikapima matrela kadhaa, kikakuta karibu yote yamezidi kiasi. Wazazi wakasema kwamba macho yanawauma wakiingia ndani na yanapona wakitoka nje. Mtu asiyejua kusoma angeweza kuelewa maana ya maneno hayo.

Sasa tazama yaliyofanywa na wakubwa. Julai 2007 kamati ya Bunge la Marekani, iliyoongozwa na Bwana Henry Waxman, ilitoa hadharani barua za ndani za FEMA. Katika barua moja ya Juni 2006, mwanasheria wa idara aliwaonya wenzake wasianze kupima hewa mpaka wapewe ruhusa, kwa sababu majibu yakionyesha ubaya, idara itakuwa na wajibu wa kufanya jambo, na saa itakuwa imeanza kuhesabu. Yaani shauri lilikuwa kwamba asiyepima hajui, na asiyejua hana lawama. Watoto walikuwa wakikohoa, na wanasheria walikuwa wakilinda faili.

Hata pale vipimo vilipochukuliwa katika matrela yasiyokuwa na watu, ripoti iliyotolewa mwanzoni mwa 2007 ilitazama hatari ya muda mfupi tu. Mtaalamu wa sumu wa serikali hiyo hiyo, Dk. Christopher De Rosa, aliandika kwamba ripoti ile inapotosha, maana haikusema habari za kukaa humo siku nyingi wala habari za saratani. Baadaye mwaka uleule aliondolewa katika uongozi wa kitengo chake.

Mwishoni kabisa, kuanzia Desemba 2007 mpaka Januari 2008, Kituo cha Marekani cha Kudhibiti Maradhi kilipima matrela na nyumba 519 zenye watu ndani. Katika nyumba za kawaida za nchi ile hewa huwa na fomaldehidi kiasi cha sehemu 10 hadi 20 katika bilioni. Humo katika matrela wastani ulikuwa 77, na mahali pengine ulifika 590. Na huo ulikuwa wakati wa baridi, ambapo sumu hutoka kidogo. Februari 2008 ndipo serikali ilipotamka kwamba watu wahamishwe kabla ya joto kurudi. Tangu tufani ilikuwa imepita miaka miwili na nusu. Mtoto aliyeingizwa humo akiwa mchanga alikuwa sasa anakimbia na kusema.

Kambi moja ya matrela karibu na mji wa Baker, Louisiana, ilipewa jina zuri, Renaissance Village, maana yake kijiji cha kuzaliwa upya. Ilifungwa mwaka 2008. Mwaka huo huo mfuko wa afya ya watoto uitwao Children's Health Fund ulitazama karatasi za matibabu za watoto 261 waliohamishwa na tufani. Watoto 42 katika kila 100 walikuwa na maradhi ya njia ya pumzi, na wataalamu walisema kwamba huenda sumu ile na msongamano vilichangia. Wenye umri wa chini ya miaka minne, 41 katika kila 100 walikuwa na upungufu wa damu. Hawa ni watoto wa nchi iliyopeleka watu mwezini.

Haki nayo ilikuja kwa kuchechemea. Katika kesi ya kwanza ya mfano, mwaka 2009, mama mmoja alishtaki juu ya pumu ya mwanawe, na baraza la mahakama likaamua kwamba kiwanda hakina kosa. Mwaka 2012 watengenezaji na makandarasi walikubali kulipa dola milioni 42.6 ili kumaliza mashtaka ya watu wapatao 55,000. Mtu akigawanya atapata chini ya dola 800 kwa kila mmoja, kabla ya mawakili kuchukua chao. Na matrela yenyewe yaliuzwa kwa bei rahisi, yakabandikwa karatasi kwamba yasikaliwe na watu. Mwaka 2010, mafuta yalipomwagika katika bahari ileile, wafanya kazi wa kusafisha pwani walikutwa wakilala ndani yake. Jambo moja jema lilipatikana, nalo ni sheria ya Julai 2010 iliyoweka mpaka wa fomaldehidi inayoruhusiwa kutoka katika mbao za gundi. Sheria ile ilipitia katika vifua vya watoto kabla ya kufika Bungeni.

Tumeeleza habari hii kwa urefu, na si kwa kuwacheka Wamarekani. Tumeieleza kwa sababu mafunzo yake yatufaa sisi. Kwanza, hakuna neno linalodanganya katika maafa kama neno "muda". Nyumba ya muda hukaliwa mpaka mtoto abadilishe meno, kwa hivyo ipimwe kama nyumba ya kudumu. Pili, ukubwa wa sakafu hautoshi. Kanuni za kimataifa za misaada, ziitwazo Sphere, zataka kila mtu apate mita za mraba 3.5 za kukaa, mbali na mahali pa kupikia. Trela la futi 8 kwa 30 lina mita za mraba 22 hivi, basi watu sita wangeenea. Hesabu ya sakafu ilikubali na hesabu ya hewa ikakataa. Tatu, kipimo kisichochukuliwa siku ile hakipatikani tena. Wahenga walisema kwamba mficha maradhi, kilio humuumbua. Katika habari hii mficha maradhi alikuwa ofisini, na kilio kikawa cha wengine.

Sasa tuje nyumbani. Nchi yetu nayo haikosi maafa. Tarehe 10 Septemba, 2016, ardhi ilitetemeka Kagera, na watu wengi wakalala nje na chini ya maturubai. Tarehe 3 Desemba, 2023, tope na mawe ya Mlima Hanang yaliporomoka juu ya Katesh na vijiji vya jirani, ndugu zetu 89 wakapoteza maisha na waliosalia wakahifadhiwa mashuleni. Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika. Wanaojua habari za mvua wanatuambia kwamba siku zijazo hazitakuwa nyepesi kuliko zilizopita.

Katika kambi zetu hatuna matrela, wala sumu yetu kubwa haitoki katika gundi. Sumu yetu ina rangi na harufu, na tumeizoea tangu utotoni hata hatuiiti sumu. Ni moshi. Mvua inanyesha, kuni ni mbichi, mama hana jiko la nje, basi anawasha moto mlangoni mwa hema au ndani yake, na mtoto yuko mgongoni. Usiku baridi inazidi, jiko la mkaa linaingizwa ndani na turubai linafungwa. Mkaa huo hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Turubai halipitishi hewa, kwa hivyo pumzi za watu wanane hugeuka maji, maji huleta kuvu, na kikohozi cha mmoja huwa cha wote.

Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba mwaka 2020 hewa chafu ya majumbani, moshi wa kupikia ukiwa ndio wa kwanza, iliua watu milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walipita 237,000. Nimonia peke yake mwaka 2019 iliua watoto 740,180 wa umri huo. Hayo ni ya dunia nzima na ya siku za kawaida. Mweke sasa mtoto huyo katika kambi, amelowa, hajashiba, chanjo zake zimekatika, kisha mwongezee moshi. Mvua haikumchukua, lakini kambi yaweza kumchukua.

Serikali yetu ilizindua mwezi wa Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, kwamba ifikapo mwaka 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapika bila moshi. Ni nia njema, nasi twaiunga mkono. Lakini twauliza: katika hao 80, mwenye kulala kambini amehesabiwa? Kama hakuhesabiwa, basi ndiye awe wa kwanza. Na Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 ipo, na kamati zake zipo. Zifanye kazi kabla ya mvua kunyesha, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kwa ajili hii gazeti hili latoa madai matano.

La kwanza, pasitolewe hema wala chumba cha msaada pasipo mahali pa kupikia palipo mbali na pa kulala, penye paa la kuzuia mvua, pamoja na jiko na nishati isiyo na moshi. Anayeleta magunia ya unga alete na cha kuupikia.

La pili, nyumba za vipande vya kuunga zinazoletwa kutoka nchi za nje, ziwe za kununua au za zawadi, ziulizwe gundi yake kabla ya kushushwa bandarini, na hewa yake ipimwe zikisha kusimamishwa. Zawadi isiyokubali kupimwa na irudi ilikotoka. Wala tusisahau kwamba udongo wa kufyatulia matofali tunao na mafundi tunao. Nyumba iliyojengwa na vijana wetu kwa tofali la hapa, yenye madirisha mawili yanayotazamana, haina gundi ya kutilia shaka, na fedha yake hubaki kijijini.

La tatu, kila kambi iandikiwe siku yake ya mwisho, na siku hiyo itangazwe kwa wakazi wenyewe. Ikipita, anayehusika aje mbele ya watu aeleze.

La nne, mganga au mhudumu wa afya wa kambi ahesabu kila wiki watoto wanaokohoa, na hesabu hiyo ibandikwe ubaoni watu waione. Ikipanda, nyumba zikaguliwe siku hiyo hiyo. Asiwepo ofisa wa kusema kwamba tusipime mpaka turuhusiwe.

La tano, nalo ni letu sisi wanachama. Tawi la Chama si la kupiga makofi siku ya kukabidhi funguo tu. Liende tena baada ya mwezi, na baada ya miezi mitatu, liingie ndani, linuse, liwaulize akina mama. Mama akisema kwamba mwanawe anapona akitoka nje na anaugua akirudi ndani, asijibiwe kwamba hana shukrani, maana huyo ametoa ushahidi. Tawi lijifunze na dalili za hatari: mtoto mwenye miezi 2 mpaka 11 akivuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja mpaka mitano mara 40 au zaidi, au mbavu zikiingia ndani akipumua, apelekwe kwa mganga mara moja bila kungoja asubuhi. Saa ya mkononi yatosha kwa kazi hiyo.

Twajua kwamba madai haya yana gharama. Lakini gharama ya jiko na dirisha ni ndogo kuliko gharama ya kitanda cha hospitali, na gharama ya kaburi haina hesabu. Twajua pia kwamba wako maofisa wengi wema wanaokesha kambini bila kulala. Hatuwasemi wao. Twamsema yule anayeona kwamba kazi yake imekwisha siku alipotia sahihi ya kupokea mahema.

Waliopigania uhuru wa nchi hii walituambia kwamba maadui wetu ni ujinga, maradhi na umaskini. Katika hema lenye moshi maadui hao wote watatu hulala pamoja na mtoto. Umaskini umemnyima jiko, ujinga umemficha hatari, na maradhi yanamngoja. Taifa haliwezi kujisifu kwamba limemwokoa mtoto huyo katika maji kisha likamwacha akose pumzi chini ya turubai lake lenyewe.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, safari ijayo mkialikwa kushuhudia nyumba za msaada zikikabidhiwa, pigeni makofi, maana ni jambo jema. Kisha ingieni ndani, fungeni mlango, mkae humo nusu saa pamoja na watoto. Mkitoka macho yanawawasha, msinyamaze.